Nani Anaipigia Hesabu Kesho Yetu?

Hotuba kwa waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, uani mwa Ngome ya Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wetu, na nyinyi wadogo zangu mliojipanga huko nyuma karibu na mlango mkidhani siwaoni. Nimeitwa niseme habari za kozi niliyoisoma chuo kikuu, hisabati ya aktuari pamoja na fedha. Nimeshazoea watu kunikazia macho nikiitaja. Jana pale Mkunguni mzee mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo wewe ni mhasibu?" Nikamwambia sivyo. "Mwalimu wa hesabu?" Sivyo. "Basi uko benki." Nikakubali yaishe, maana adhana ilikuwa imeshaanza. Leo nina nafasi, nitamjibu vizuri.

Mhasibu huhesabu pesa zilizokwisha kuingia na kutoka. Aktuari huhesabu pesa ambazo bado hazijatoka, na pengine hazitatoka kamwe, kwa ajili ya jambo ambalo halijatokea. Kazi yake ni kusema: ahadi hii ya miaka thelathini ijayo inataka shilingi ngapi ziwekwe kando leo? Iwe bima, pensheni, mfuko wa afya au fidia ya mahakamani, palipo na ahadi ya pesa za baadaye pana hesabu hiyo, na pana mtu aliyekaa akaifanya. Nilichokuja kuwaambia ni kwamba mtu huyo anaweza kuwa mtoto wa Amu, yaani wa hapa Lamu, na kwamba sisi watu wa visiwani tuna haja kubwa ya kuwa na mtu wetu katika meza hiyo.

Tuanze na mchezo. Kina mama wa Langoni mmenielewa. Vijana, nasema mchezo wa pesa, si mpira.

Wanawake 12, kila mmoja anatoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba 24,000. Wa kwanza anabeba Januari, wa mwisho Desemba. Kwenye daftari wote wako sawa, kila mtu ametoa 24,000 na kupokea 24,000. Lakini hakuna mama humu ndani asiyejua kwamba si sawa, na ndiyo maana siku ya kupiga kura ya nani abebe lini roho hukaa juu juu. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, zile 24,000 za Desemba zitanunua kile ambacho Januari kingenunuliwa kwa 22,750 hivi. Shilingi 1,250 zimepotea njiani na hakuna aliyeiba. Wa kwanza amekopeshwa na wenzake, wa mwisho amewakopesha wenzake, na mjadala haukuwapo.

Hiyo ni nusu ya fedha. Nusu ya pili hatupendi kuitaja. Bi fulani alibeba mwezi wa tatu, mwezi wa saba akafariki, Mola amrehemu. Imebaki miezi mitano. Zile 10,000 zake nani atazitoa? Pengine watafuatwa wanawe, pengine wenzake watamsamehe na kugawana hasara, na michezo mingine huvunjika papo hapo kwa maneno ambayo hata siku ya harusi yatakumbushwa. Aktuari anauliza tangu mwanzo: katika wanawake wa umri huu, wangapi hufariki ndani ya mwaka, na kila mmoja angeongeza kiasi gani ili likitokea pasiwe na wa kufuatwa?

Tupige hesabu. Chukueni, kwa mfano tu, kwamba katika wanawake 1,000 wa umri huo hufariki watano kwa mwaka. Anayefariki kabla ya kubeba hana deni. Anayefariki baada ya kubeba anaacha deni kubwa au dogo kulingana na mwezi. Ukichukua nafasi zote za kura na miezi yote ya kufariki, wastani wa hasara kwa kila kifo ni karibu shilingi 4,000. Zidisha kwa watu 12 na kwa watano katika elfu, unapata kama shilingi 240 kwa mchezo mzima. Kila mama shilingi 20. Kwa mwaka.

Msishangilie bado. Mchezo mmoja ukikusanya 240 na ikaja hasara ya 10,000, zile 240 hazitoshi hata nauli ya kwenda kuhani Faza. Hesabu hii inasimama tu watu wakiwa wengi. Ikiungana michezo 100, ya Amu, Shela, Matondoni, Pate, Kizingitini, tunapata wanawake 1,200, tunatarajia vifo sita, na mfuko una 24,000 dhidi ya hasara ya karibu 24,000. Bado kuna mwaka ambao watafariki kumi, kwa hiyo mwenye akili hatozi 20, anatoza 30 na ziada anaiweka. Hisabati ya kwa nini wengi hutabirika kuliko mmoja ilithibitishwa na Jakob Bernoulli wa Uswisi, na ikachapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Wengi wenu mtaikuta mwaka wa kwanza au wa pili chuoni, na mtaitolea jasho.

Ile "watano katika elfu" nimeitunga mimi. Kazini kutunga ni kosa. Nambari hiyo hutoka kwenye jedwali la vifo, na jedwali hutoka kwa mtu aliyeandika. Mwaka 1693 Edmond Halley, huyu huyu ambaye nyota mkia imepewa jina lake, alitoa jedwali la mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Polandi. Alianza na watoto 1,000 wa umri wa mwaka mmoja. Wanaofika miaka 20 kwenye jedwali lake ni 598. Wanaofika 60 ni 242. Gawanya 242 kwa 598: kijana wa miaka 20 katika mji ule alikuwa na nafasi kama 40 katika 100 ya kuiona miaka 60. Wakati huo huo serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwauzia raia malipo ya maisha, ulipe sasa upewe kila mwaka hadi kufa, kwa bei moja kwa mtoto na kwa mzee. Halley akaonyesha kwa jedwali lake kwamba bei hiyo haina mantiki.

Sifa alipewa Halley. Mimi humheshimu zaidi Caspar Neumann, mchungaji wa kanisa pale Breslau, aliyekusanya kwa miaka kadhaa kila kuzaliwa na kila kifo pamoja na umri wa marehemu. Halley hakufanya hata siku moja ya kazi hiyo.

Sasa niwaulize walio kwenye kamati za BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia pwani: daftari la samaki wanaoshuka pwani mnaliandika kila siku, au mnalijaza mwisho wa mwezi afisa akikaribia? Mmecheka, jibu nimelipata. Daftari hilo, likiandikwa sawasawa, tarehe, chombo, kilo, bei, litakuja kuwa na thamani kuliko nyavu zenu. Narudi kwalo baada ya muda mfupi.

Wazazi wengi huniuliza: kama ni hesabu za vifo na bima, hayo ya fedha yanaingiaje? Kwa nini kozi mbili zifungwe pamoja? Nina kisa.

London katika miaka ya 1750 kulikuwa na mwalimu wa hesabu, James Dodson. Alitaka kujiunga na chama cha bima ya maisha akakataliwa, kwa kuwa alishapita miaka 45. Chama kilikuwa kinatoza watu bei moja bila kujali umri, na njia pekee ya kujilinda ilikuwa kufunga mlango kwa wakubwa. Dodson akakaa chini akaonyesha kwamba mtu wa umri wowote anaweza kupokewa, mradi alipe kulingana na umri aliojiunga nao, na alipe kiasi kile kile kila mwaka. Ujanani analipa zaidi ya hatari yake, ziada inawekezwa, uzeeni inamlipia. Alifariki 1757 kabla ya kuona matunda. Mwaka 1762 waliofuata mawazo yake wakaanzisha Equitable, kampuni ya kwanza ya bima ya maisha iliyojengwa juu ya hesabu hizi.

Kampuni hiyo ilipokea wateja kwa miaka 238. Mwaka 2000 ikafunga mlango kwa wateja wapya. Haikuangushwa na vita wala tauni. Iliangushwa na ahadi. Kwa miongo kadhaa, hadi 1988, iliwauzia watu pensheni zenye sharti dogo: ukistaafu, tunakuhakikishia kiwango hiki cha malipo, soko liende juu au chini. Sharti hilo lilipoandikwa viwango vya riba vilikuwa juu, likaonekana halina gharama. Miaka ya 1990 viwango vikashuka, na watu nao wakawa wanaishi zaidi. Kampuni ikajaribu kupunguza bonasi za wenye sharti hilo, kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na Julai 2000 ikashindwa. Desemba mwaka huo ikafunga.

Upande wa uhai walikuwa na uzoefu wa karne mbili. Lakini lile sharti lilikuwa na uhai wa mtu na soko la fedha ndani ya sentensi moja, na aliyelitia bei aliangalia upande mmoja. Ndiyo maana vyuo siku hizi vinakufundisha vyote viwili, jedwali la vifo asubuhi na hati fungani, zile hati za kuikopesha serikali au kampuni, mchana.

Na msidhani upande wa fedha ndio wenye werevu wa mwisho. Mwaka 1973 Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton walitoa hesabu ya kutia bei haki ya kununua au kuuza kitu siku za mbele. Hesabu nzuri mno, mtaisoma mwaka wa tatu. Mwaka 1997 Scholes na Merton wakapata Tuzo ya Nobel, Black akiwa ameshafariki. Mwaka uliofuata LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani ambao wote wawili walikuwa washirika wake, ulipoteza mabilioni ya dola baada ya Urusi kushindwa kulipa madeni yake, na benki 14 zikalazimika kuuingizia fedha usivute soko zima chini. Mwanafunzi akinijia akijivuna kwa fomula, kisa hiki ndicho ninachompa.

Sasa nije nyumbani.

Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya kupoteza maeneo yao ya uvuvi kwa ajili ya bandari mpya. Kesi ilikuwa imefunguliwa 2012. Gati la kwanza la bandari lilizinduliwa Mei 2021. Humu ndani wamo waliokuwa kwenye orodha hiyo, na sitawaeleza wanayoyajua kunishinda. Nataka tu tuitazame nambari yenyewe kwa macho ya kozi hii.

Gawanya bilioni 1.76 kwa watu 4,600. Kila mmoja 382,600 hivi. Ni nyingi au chache? Ukimuuliza mtu aliyeshika noti mkononi, ni nyingi. Lakini hizo zinasimama badala ya samaki ambao wangevuliwa mwaka huu, na ujao, na ule wa baadaye. Tuseme miaka 20. Ukiziweka mahali zinapozaa asilimia 10 kwa mwaka, na kila mwaka ukachota kiasi kile kile mpaka mwaka wa 20 ziishe, utachota karibu 44,900 kwa mwaka. Yaani 3,700 na ushei kwa mwezi. Zikizaa asilimia 5 tu, utachota kama 2,560 kwa mwezi. Mvuvi yeyote hapa ajipime mwenyewe.

Igeuzeni sasa. Mvuvi aliyekuwa akibaki na shilingi 10,000 kwa mwezi baada ya mafuta na chambo, akipoteza hizo kwa miaka 20, alipwe kiasi gani leo? Ukitumia asilimia 10, jibu ni kama 1,021,600. Ukitumia asilimia 5, ni kama 1,495,500. Mvuvi yule yule, bahari ile ile, na tofauti ya shilingi 470,000 na zaidi kwa mtu mmoja, kwa sababu ya nambari moja iliyochaguliwa na mtu aliyekaa ofisini. Ukiongeza kwamba bei ya samaki haikai mahali pamoja, inapanda mwaka hadi mwaka, basi kiwango cha asilimia kinachofaa kutumiwa kinashuka na fidia inapanda tena.

Sisemi mahakama ilifuata njia hii. Nasema kila mradi mkubwa ukija, iwe barabara, bomba au kiwanda cha umeme, nyuma yake itakuja karatasi yenye nambari ya namna hii, na mara nyingi kiwango kimetiwa katikati ya ukurasa kwa herufi ndogo. Wakili mzuri atakutetea haki yako. Kukipinga kiwango, anahitaji mtu wa kumnong'oneza.

Na si kiwango tu. Mtaalamu kutoka bara akija Februari, kaskazi imetulia, nguru na kamba mawe wanashuka, akapima mapato ya mwezi mmoja na kuzidisha kwa 12, atatupa makadirio ya juu. Akija Julai, kusi inavuma, vyombo vidogo vimevutwa juu, akazidisha vile vile, atatufanya mafukara. Hajui kwamba mwenye mtumbwi na mwenye jahazi hawapotezi miezi ile ile. Mtoto wa Kizingitini anajua hayo kabla ya kujua kusoma. Mtoto huyo akiwa na shahada hii, na akawa na daftari la BMU la miaka mitano lisilojazwa mwisho wa mwezi, mezani ana la kusema ambalo si malalamiko. Ndilo hasa lililonileta.

Maalim mmoja alinisimamisha pale mlangoni kwa upole. "Mwanangu, hizi si hesabu za riba?" Swali zuri, na wazazi wengi wanalo moyoni ila wanaona haya.

Mimi si mwanachuoni, ya fatwa nawaachia wenyewe. Ninachoweza kueleza ni kazi ilivyo. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1985, lilisema bima ya kibiashara yenye malipo maalumu haifai kwa sababu ya gharar, yaani kuuziana jambo lisilojulikana, na likaelekeza watu kwenye bima ya ushirika, ambayo wanachama huchangiana kwa msingi wa tabarru, yaani kutoa kwa hiari. Hiyo ndiyo takaful. Sudan walishaanza 1979, Malaysia ikatunga sheria yake 1984, na hapa Kenya ipo kampuni ya takaful inayofanya kazi tangu 2011. Na takaful haipunguzi haja ya hesabu, inaiongeza. Mchango wa kila mwanachama uwe kiasi gani ili mfuko usikauke? Ziada mwisho wa mwaka igawiwe vipi kwa haki? Ada ya wakala anayeusimamia mfuko iwe kiasi gani isimle mwanachama? Nani atayajibu hayo kama watoto wa madrasa, waliogawa mirathi kwa thumni na sudusi wakiwa na miaka kumi na tatu, wote wameikimbia hisabati?

Darasani utasoma riba, sitawaficha. Utaisoma kama mtu anayesoma ugonjwa na kama mtu anayesoma dawa, maana hesabu ya thamani ya sasa, ile tuliyompigia mvuvi, ndiyo hiyo hiyo utakayotumia kwenye murabaha, kuuza kwa faida iliyotajwa, na sukuk, hati za uwekezaji za Kiislamu. Ukimaliza, pa kufanyia kazi utachagua mwenyewe.

Haya, kozi yenyewe. Nchini inafundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT kule Juja, Strathmore, Maseno na kwingineko, kwa miaka minne. Uingereza kwa kawaida ni mitatu. Mwaka wa kwanza ni kalkulasi, aljebra ya matriki, uwezekano, uchumi na uhasibu. Wengi huumia hapa. Shule ya upili ulipewa fomula ukaambiwa tumia, kule unaambiwa thibitisha. Aliyezoea kupata 90 anapata 40, anapiga simu nyumbani analia. Wazazi, simu hiyo ikija, msimwambie arudi. Mwambieni atafute wenzake watatu wakae na swali moja usiku mzima, asione aibu kwenda kwa mhadhiri.

Mwaka wa pili zinaingia takwimu na hisabati ya fedha, ile thamani ya sasa tuliyoigusa. Wa tatu ni bima ya maisha, nadharia ya hatari, uwekezaji, na namna ya kutia bei mikataba ya siku za mbele. Wa nne ni miradi, pensheni na mafunzo kazini. Kote humo utaandika programu, hasa R na Python, na Excel utaijua kama kiganja chako. Kompyuta si lazima iwe mpya, yangu ilikuwa imefungwa kwa gundi.

Shahada haikufanyi aktuari kamili, na hili vyuo hulisema kwa sauti ndogo. Baada yake ipo mitihani ya chama cha taaluma. Wengi Kenya hufuata chama cha Uingereza, kinachoitwa IFoA, kilichozaliwa 2010 kwa kuunganisha chama cha London cha 1848 na cha Edinburgh cha 1856. Wengine hufuata cha Marekani. Mitihani ni mingi, ni ghali, wengi hufeli baadhi na kurudia, na huchukua miaka mtu akiwa kazini. Ukifanya vizuri chuoni unaweza kusamehewa baadhi ya karatasi za mwanzo, kama chuo chako kina makubaliano nao, kwa hiyo ulizeni jambo hilo kabla ya kujaza fomu. Na mmoja kati ya mitihani hiyo ni wa kuandika tu: unapewa hesabu ngumu, unatakiwa umweleze mtu asiyejua hesabu akaelewa. Nimeona magwiji wa kalkulasi wakianguka hapo. Mtoto wa Amu aliyelelewa kwenye mashairi na mawaidha, sioni kwa nini aanguke.

Kazi zipo? Zipo, lakini si kwa kila mwenye cheti. Sheria ya bima inazitaka kampuni ziwe na aktuari, na pensheni zenye ahadi ya kiwango maalumu lazima zikaguliwe na aktuari angalau kila miaka mitatu. Hata hivyo wanaohitimu kila mwaka ni wengi kuliko nafasi hizo. Wengi huishia benki, kampuni za simu, ukaguzi wa hesabu, uchambuzi wa data, na hawalalamiki. Anayefuata kozi hii kwa ajili ya mshahara aliousikia kwa jirani, namshauri apoe kwanza.

Ya kufanya yapo mengi. Tangu Oktoba 2024 mfuko wa afya wa SHA unakata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiyeajiriwa anakadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi. Utaikadiria vipi nyumba ya mvuvi mwenye miezi minono na miezi mikavu? Kule Marsabit mwaka 2010 walianza bima ya mifugo inayolipa kwa kutazama ukijani wa malisho kutoka setilaiti, hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga. Ina kasoro zake, setilaiti ikisema nyasi zipo na ng'ombe wako akafa, hulipwi. Lakini mimi huwaza: je, upepo? Siku ambazo kusi imepita kiwango fulani, zimepimwa na idara ya hali ya hewa, na chombo hakikutoka, mfuko wa takaful wa wavuvi ulipe. Mwenye kutaka mradi wa mwaka wa nne, huo nimempa bure, aje tu aniambie umefikia wapi.

Kwa sasa ofisi ya kazi hii hapa Lamu sijaiona. Wazazi, mtoto ataondoka, atakaa Nairobi au mbali zaidi. Wa kike pia. Nasikia mnong'ono upande ule, nami naujua, niliusikia zamu yangu. Hosteli za wasichana zipo, wenyeji wetu wako Eastleigh na South C, na mkopo wa HELB unaombwa kwa simu.

Nitakaa hapa chini ya ngazi mpaka Asri. Mwenye karatasi ya matokeo ailete tuitazame pamoja na orodha ya KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, maana alama za hisabati zinazotakiwa zinatofautiana chuo na chuo, na kuna vijana kila mwaka hukosa nafasi kwa sababu tu walipanga vibaya chaguo lao la kwanza na la pili. Haya, nasikiliza maswali. Anza wewe binti wa mstari wa pili.